Kopo la Klorini na Alama Yake

Nchi ninayoisimulia haipo. Naomba hilo lieleweke mapema, asije mtu akasema nimeitaja. Kama wewe msomaji unahisi umewahi kuishi humo, ukapanga foleni zake na kuzipigia makofi hotuba zake, hayo ni mambo yako na kumbukumbu zako. Mimi simo.

Humo nilikuwa mtumishi wa umma. Cheo changu kilikuwa Mshika Brashi Daraja la Pili katika Mamlaka ya Alama za Hatari Ndogo. Usicheke. Mshika Brashi Daraja la Kwanza alikuwa hashiki brashi, alikuwa anahudhuria semina, kwa hiyo brashi yote ya taifa ilikuwa mkononi mwangu.

Mamlaka yetu ilizaliwa siku Waziri wa Uchukuzi alipounguza sharubu. Alikuwa anawasha sigara kwenye hafla, njiti ikaruka, na nusu ya sharubu ikaondoka mbele ya mabalozi. Waziri akakigeuza kile kiberiti pande zote, akitafuta mahali palipoandikwa kwamba kinaweza kuwaka. Hapakuwepo. Muswada ukapelekwa bungeni haraka kabla sharubu hazijaota, ukapita kwa vigelegele, na tangu hapo ikawa ni jinai kusafirisha kitu chochote cha hatari kwa kiasi kidogo bila alama.

Mtu ataniuliza, na kiasi kikubwa je? Malori ya petroli ya shemeji yake Mkuu wa Nchi yalikuwa yanapita barabarani usiku na mchana, yanavuja, yanayumba, na hayakuandikwa hata herufi moja. Wapo wachonganishi waliolisema hilo. Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Daktari Pazi Mwinyigoha, aliwajibu vizuri sana katika hotuba yake ya kufungua choo kipya cha ofisi.

"Ndugu zangu," alisema, "hatari kubwa inajulikana na kila mtu. Tembo haandikwi kwamba ni tembo. Hatari ndogo ndiyo inayojificha kama kunguni. Na sisi, ndugu zangu, ni serikali ya kunguni!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Baadaye lile neno la mwisho lilifutwa katika kumbukumbu.

Alama yenyewe ilikuwa nzuri, nitasema ukweli. Kibao cheupe cha mraba, dhiraa moja kila upande, mpaka wake mwekundu, na ndani yake maneno haya: KIFURUSHI HIKI NI KIDOGO, KINA HATARI NDOGO, NA KIMEKUBALIWA KISHERIA KUWA NI KIDOGO. Wasomi waliitunga sentensi hiyo kwa muda wa masika yote, wamejifungia katika hoteli ya ufukweni, wakibishana kama neno "kidogo" litoshe mara moja au lirudiwe.

Na kwa kuwa wananchi wengi walikuwa na tabia ya kutosoma vibao, sheria iliongeza desturi ambayo naamini hukuikuta kwingine. Mzigo ukifika penye watu, msindikizaji wake asimame, aisome alama kwa sauti, na watu waitikie kwa pamoja, "Tumetahadhari!" Wasipoitikia, mzigo hausogei. Ilikuwa desturi ya kupendeza. Watoto waliicheza mitaani.

*

Nesi Sikudhani Lukwaro aliingia ofisini Jumatatu asubuhi. Viatu vyake vilikuwa na tope ambalo si la mjini, na hakukaa kwenye benchi. Wateja wetu wote walikuwa wanakaa kwenye benchi, wengine walikuwa wamekaa hapo mpaka tukawazoea kama fanicha, lakini yeye alikuja moja kwa moja mezani kwangu, anafunga na kufungua kanga yake kiunoni.

"Habari za kazi, kaka."

"Njema, dada. Karibu. Una hatari gani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu rasmi ya Mamlaka.

Akaweka juu ya meza kopo dogo, kubwa kidogo kuliko ngumi yake. Ndani yake mlikuwa na klorini ya unga, vijiko vichache tu. Alikuwa ametoka Kitopeni, kule mwisho wa barabara, ambako mvua ilibomoa vyoo na uchafu ukaingia katika kisima pekee cha mji. Watu walikuwa wanaharisha na kutapika, wanaugua ule ugonjwa ambao serikali ilikuwa bado haijauruhusu kuwa na jina. Yeye ndiye alikuwa nesi, mkunga na mfagiaji wa zahanati ya huko. Bohari ya wilaya ilimpa mabango mazuri ya rangi yanayoeleza faida za klorini. Klorini yenyewe aliifuata mji mkuu. Alipokuwa anarudi nayo, askari wa kizuizi cha barabarani walilinusa kopo, wakapiga chafya, wakamrudisha kwetu.

"Nipigie hiyo alama, kaka, niwahi basi," alisema. "Nimewaambia wachemshe maji, lakini kuni zote zimeloa. Mama yangu anauza vitumbua pale pale kisimani. Nimemwacha mzima, hajaguswa na chochote, lakini anakunywa maji yale yale kwa sababu hakuna mengine. Nataka nirudi nimkute mzima. Sina shida nyingine kwenu."

"Ni kazi ya dakika moja, dada," nilimwambia, na nilikuwa nasema kweli kwa upande wa brashi.

Nikachukua kibao, nikakiweka juu ya kopo. Kikafunika kopo, kikafunika mkono wangu, kikafunika na chai yangu. Nikajaribu kukisimamisha kopo likiwa mbele, likaonekana kama chawa kwenye shuka. Sheria ilisema wazi kwamba alama isitokeze nje ya kifurushi. Nikaita wakubwa.

Mkurugenzi mwenyewe alishuka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye suti ya kahawia na kalamu nne mfukoni zisizo na wino. Akalizunguka kopo kwa muda.

"Tatizo ni kopo," alisema. "Ni dogo mno."

"Si mnataka vitu vidogo, mheshimiwa?" Sikudhani aliuliza.

"Tunataka kiasi kidogo, mama. Hatukusema kifurushi kidogo."

"Basi punguzeni kibao."

Mkurugenzi akatabasamu kama mwalimu wa chekechea. Akamweleza kwamba alama ndogo inaweza isionekane, na alama isiyoonekana ni hatari ndogo inayojificha, kwa hiyo nayo itahitaji alama. Njia ilikuwa moja tu, nayo ni kulikuza kopo.

*

Seremala wa Mamlaka alitengeneza sanduku kubwa la mninga, mbao nene, kona za chuma. Kopo lilipowekwa ndani lilizurura huku na kule likigonga kuta. Tukajaza mchanga. Sanduku likapandishwa kwenye mizani, na mshale ukapita mstari mwekundu.

"Sasa ni kiasi kikubwa," nikatangaza.

Sikudhani aliruka kutoka mahali alipokuwa amesimama. "Kikubwa si hakina alama? Malori yale hayana. Basi nipeni sanduku langu niende!"

Kwa kweli hoja yake ilitushtua. Tulitazamana. Mkurugenzi akashika kidevu, akafikiri, halafu akamuuliza kwa upole, "Mama, kiasi kikubwa huwa na mkubwa wake. Wewe mkubwa wako ni nani?"

"Mimi nina mama tu."

"Mama ana cheo gani?"

"Anauza vitumbua. Nimeshawaambia."

Mchanga ukatolewa. Badala yake tukajaza sufi ya magodoro, nyepesi, na mshale ukarudi. Hapo ilikuwa Jumanne jioni na basi la Kitopeni lilikuwa limeshaondoka mara mbili. Sikudhani hakuwa na mahali pa kulala mjini, akalala kwenye lile benchi letu, na mlinzi aliniambia kwamba hakulala hasa, alikuwa anatembea varandani mpaka kulipokucha.

Ikabaki kudondosha. Sheria inataka kifurushi kidondoshwe kutoka kimo cha mtu mzima, ionekane kama kitapasuka. Wengine wangenyanyua sanduku na kuliachia hapo hapo, wakamaliza. Mkurugenzi wetu hakuwa mtu wa kulipua kazi.

"Sheria imesema kimo cha mtu mzima," alitukumbusha. "Haikusema mtu huyo awe amesimama wapi."

Kwa hiyo sanduku lilipaswa kudondoshwa naye akiwa amesimama juu ya paa. Jumatano ufunguo wa paa haukuonekana. Mwenye ufunguo alikuwa Mshika Brashi Daraja la Kwanza, na Mshika Brashi Daraja la Kwanza alikuwa kwenye semina ya utunzaji wa funguo. Sikudhani aliniambia yuko tayari kupanda kwa bomba la maji. Nilimwambia bomba lile halijaidhinishwa.

Alhamisi tulipanda. Watumishi wote walikuwa juu, upepo unapeperusha tai, na Sikudhani alikuwa ukingoni kabisa, macho yake yako upande wa barabara ya Kitopeni kana kwamba anaweza kuiona. Mkurugenzi alihutubia kabla ya kudondosha mara ya kwanza, akahutubia kabla ya mara ya pili, na katikati ya hotuba ya tatu Sikudhani alishindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa, dondosha jamani! Watu wanakufa kule!"

"Mama, haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, mheshimiwa. Kwetu yanauma kweli."

Watu wawili walicheka, wakahamishwa idara. Mkurugenzi akaliachia sanduku kwa hasira, likapinda na upepo, likatua juu ya boneti ya gari lake mwenyewe. Boneti ikaingia ndani mpaka kwenye injini. Sanduku halikupata hata mchubuko. Ilibidi tuandike matokeo kama yalivyotokea, kwamba kifurushi kimefaulu na gari limefeli.

Nikapaka alama. Niseme tu kwamba ilikuwa kazi yangu bora. Herufi zilikaa sawasawa kama askari wa gwaride, na mpaka mwekundu ulinyooka pembe zote. Nilipogeuka ili Sikudhani aisifu, alikuwa tayari ameshika kamba ya sanduku anaivuta kuelekea mlangoni.

*

Basi halikukubali kulipakia, mlango wake ulikuwa mwembamba kuliko usalama. Ijumaa tukapewa lori la Mamlaka. Mimi nilikuwa msindikizaji wa alama. Mbele ya lori, kwa mujibu wa sheria, alitangulia mtu kwa miguu akiwa na bendera nyekundu, ili hatari ndogo isije ikaushtua umma kwa mwendo kasi. Mtu huyo alikuwa Bwana Shomvi wa kitengo cha bendera, ambaye magoti yake yalistaafu zamani, yeye akabaki kazini.

Basi tukaenda kwa mwendo wa magoti ya Bwana Shomvi. Kuku walitupita. Waliokuwa wanakwenda msikitini walitupita na waliokuwa wanarudi wakatukuta pale pale. Malori ya shemeji yalitupita kwa kishindo, yakatumwagia petroli kidogo kwenye vioo, na dereva wetu akawasha vifuta kioo. Kila penye genge, kilabu, shule au watu wawili wanaogombana, tulisimama. Nikapanda juu, nikasoma alama, nikangoja. Wengine waliitikia upesi. Wengine walitaka kwanza kujua wataitikia kwa faida gani. Sehemu moja walikuwa katika msiba, tukaona haya kuwakatiza, tukangoja mpaka walipomaliza kuzika ndipo wakatutahadharia.

Sikudhani alikuwa hakai. Alishuka, akatangulia, akarudi, akalizunguka lori kama anayetafuta mahali pa kulisukuma.

"Kaka, nakuomba," alisema. "Nipe kopo nitembee nalo. Hata nikichechemea nitamwacha huyu babu."

"Dada, mtu si kifurushi. Ukilishika mkononi alama itakaa wapi?"

"Kwani ugonjwa unasoma alama?"

Nikamwambia aulize makao makuu.

Jumamosi tukafika gulio la Njiapanda. Wauzaji wa pale walikuwa wagumu. Walisema wako tayari kutahadhari ikiwa nasi tutanunua viazi. Mvua ikaanza kunyesha, nikaona rangi ya alama yangu inaweza kuchuruzika, nikavua koti nikaifunika, nikasimama mbele yake nimetanua mikono. Kazi yangu ilikuwa kulinda alama. Kopo lilikuwa na sanduku la kulilinda, alama ilikuwa na mimi tu.

Nyuma yangu nilimsikia Sikudhani akifungua kamba za kifuniko. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anaikaza sufi, kopo lisije likagonga. Nilipotupa jicho nilimwona ameingiza mkono mpaka begani, na chini yake palikuwa na pakiti ya chumvi ya dukani aliyokuwa ameinunua kwa mama mmoja pale pale, akamrudishia chumvi yenyewe na kubaki na pakiti. Nilifikiri ni ukarimu. Hewani palikuwa na harufu ya sakafu ya hospitali, nikafikiri ni usafi.

"Naenda haja, kaka," alisema.

Hakurudi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alipanda bodaboda, na kwenye kila kizuizi askari walipomuuliza amebeba nini, aliwaonyesha pakiti wasome wenyewe. Walisoma CHUMVI, wakamtakia safari njema. Sisi tulimngoja mpaka gulio likavunjika. Nilidhani amechoka na usalama. Wengi huchoka.

*

Tulipoingia Kitopeni ilikuwa tayari ni wiki nyingine, na Mkurugenzi alikuwa ametutangulia kwa gari la kuazima pamoja na watu wa redio. Turubai lilikuwa limefungwa karibu na kisima. Wananchi walikuwa wamekaa chini yake, wamekonda, macho yameingia ndani, lakini wamekaa, na wengine walikuwa wanasimama bila kushikwa. Ndoo zilikuwa zinapanda na kushuka kisimani. Mkurugenzi alipewa glasi ya maji ya kumkaribisha, akanywa, akaongezwa nyingine, kwa maana jua lilikuwa kali na hotuba ilikuwa ndefu.

Nikasoma alama. Wakaitikia kwa sauti dhaifu, lakini waliitikia. Moyo wangu ulijaa. Kisha sanduku likafunguliwa mbele ya kipaza sauti, Mkurugenzi akaizamisha mikono kwenye sufi, akaibuka na kopo, akalitikisa. Halikusema kitu. Akafungua. Akachungulia. Akaligeuza juu chini, na unyoya mmoja wa sufi ukashuka taratibu.

Nilitaka kuzimia. Redio ilikuwa hewani. Lakini ndiyo maana wengine ni wakurugenzi na wengine ni washika brashi. Akaliinua kopo juu ya kichwa kama kombe.

"Wananchi!" alinguruma. "Tumeisafirisha hatari hii kwa usalama mkubwa kiasi kwamba imefika ikiwa sifuri! Niambieni, ni taifa gani jingine limewahi kufikisha hatari ikiwa imekwisha?"

Makofi yalianzia kwa watu wa redio. Mkurugenzi akapata nguvu.

"Na ninatangaza leo, klorini yote katika nchi hii, kila kopo, kwa kila kisima, itasafiri kwa utaratibu huu huu! Najua wenzenu wa ng'ambo ya mto wameanza kuugua. Kopo lao liko ofisini kwetu. Seremala ameshaanza kazi."

Hapo ndipo Sikudhani alipotoka nyuma ya watu. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe na mikono yake ilikuwa imebabuka. Angeweza kukaa kimya, hakuna aliyekuwa anamshuku. Lakini alikuja mpaka kwenye kipaza sauti.

"Halikuwa sifuri," alisema. "Niliichota Njiapanda. Nimekuja nayo kwenye pakiti ya chumvi na nimeitia kisimani kwa mkono wangu siku ile ile, ndiyo maana mnawaona hawa wamekaa. Kama ng'ambo watangoja sanduku, mtasoma alama makaburini. Wapeni kopo lao leo. Mimi nifungeni mkitaka."

Redio ikaanza kupiga muziki. Mkurugenzi hakupandisha sauti. Nadhani aliona mbali kuliko sisi.

"Kumfunga hakutoshi," alisema. "Mwananchi huyu alibeba hatari ndogo kwa mwili wake. Kwa hiyo mwili ulikuwa ndicho kifurushi, na kifurushi hicho kilisafiri bila alama. Mshika Brashi!"

"Naam, mheshimiwa."

"Mpige alama."

Nilikwenda na kopo la rangi na brashi. Sikudhani akanigeuzia mgongo bila kusubiri kuambiwa. "Paka, kaka," alisema. "Sare hii imeshapakwa mabaya zaidi." Nilipiga mpaka mwekundu ukapinda, nikaandika kwamba yeye ni kifurushi, na ni kidogo.

Kabla sijamaliza, mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye mkeka alinyanyuka kwa kushika ardhi. "Kama ni kubeba mwilini," alisema, "basi hata mimi ninayo tumboni. Nimekunywa asubuhi."

"Na mimi nimekunywa," mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema. "Na huyu pia amekunywa. Utamwandika yeye au utaandika mbeleko?"

"Na mimi vikombe viwili!"

Wakapanga foleni. Nimeziona foleni nyingi katika nchi ile, lakini ile ilikuwa ya kwanza ambayo watu waliipanga bila kufokewa. Walikuja wakiyumba, wakageuza migongo, wengine wamevaa fulana zilizotoboka, wengine migongo mitupu yenye mbavu za kuhesabika. Alama ilikuwa haienei kwenye mgongo hata mmoja, ikabidi nisambaze sentensi, nusu kwa mume na nusu kwa mke. Mkurugenzi alisimama ana glasi yake mkononi. Taratibu watu wote wakaanza kuitazama ile glasi.

"Na mheshimiwa je?" yule mzee aliuliza. "Yeye naye kanywa, tena kaongezwa."

"Viongozi," Mkurugenzi alijibu, akiiweka glasi chini kana kwamba imemuunguza, "hawabebi kiasi kidogo."

Rangi ikaniishia. Mkurugenzi alitaka kuondoka na gari lilikuwa limeshawashwa, lakini mtu wa taratibu hawezi kuondoka bila ripoti, akaniamuru nitoe karatasi. Akauliza kwa sauti, na miguu yake haikutulia, "Nani amebaki? Nataka kujua, hapa Kitopeni ni nani hana hatari mwilini?"

"Mama yangu," Sikudhani akasema.

"Yuko wapi? Aje."

"Mama hakuwahi kuyanywa maji haya ya dawa. Walimzika Alhamisi. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenu juu ya paa, nawaangalia mkilidondosha kopo langu."

Alilisema bila kulia. Mimi nilitamani awe amenipiga kofi badala ya kuniita kaka siku zote zile. Nilikumbuka kwamba ile Alhamisi niliomba tuirudie hotuba ya pili, kwa sababu upepo ulikuwa umeimeza.

Mkurugenzi aliinamisha kichwa kwa heshima. Alipohakikisha redio haipo hewani, akakiinua.

"Andika," aliniambia. "Wakazi wote wa Kitopeni wamepigwa alama, isipokuwa mmoja, ambaye alifariki kwa kukosa hatari."

Nikaandika. Mkurugenzi akaisoma karatasi, akausifu mwandiko wangu, akaingia kwenye gari. Sikudhani akaniomba na yeye aione. Nilimpa, maana sikuwa na ujasiri wa kumnyima. Akaisoma polepole mpaka mwisho, rangi mbichi inamchuruzika mgongoni, akanirudishia. Halafu akaijaza maji ya kisima ile pakiti ya chumvi, akaifunga mdomo kwa uzi, na kumpa mtu wa bodaboda aipeleke ng'ambo ya mto, wakapate angalau ya kunywa mtoto mmoja.